Nyuzi Nne

Saa nane za usiku umeme ulikatika Kadutu nzima.
Jokofu letu likakohoa mara moja, likanyamaa.
Jenereta lina tangi, tangi halina mazuti.
Nikawasha tochi ya simu, nikazihamisha chupa mbili:
konea za Mzee Cirimwami, fundi saa,
aliyeketi miaka thelathini ubavuni mwa soko,
kioo kimoja kimebanwa jichoni,
akifufua saa za watu waliochelewa.

Nikazitia katika sanduku la chanjo, barafu pembeni,
kitambaa katikati ili barafu isiziguse.
Maji yakiganda ndani ya seli huota meno,
hutoboa ukuta ule ule yaliokuwa yakiujaza.

Ndipo mlango ukagongwa. Mama Nabintu, mjane wake,
amepanda ngazi za mtaa, matope hadi magotini,
blanketi kwapani.
"Juzi mulinisainisha karatasi," akasema,
"sikuuliza kitu. Leo usingizi ndio umeniuliza.
Yule bwana alikuwa anaogopaka baridi.
Hata mwezi wa saba, juani, makoti mawili.
Munamulaza wapi?"

Mwili tulikuwa tumemrudishia, wakazika.
Kilichobaki kwetu kina unene wa ukucha.
"Kwenye nyuzi nne," nikamjibu.
Akalishika pindo la blanketi, akalipapasa.
"Nyuzi nne zinamufunika nani?"

Nikamweleza nilivyoweza, tochi ikinitetemeka:
seli ni nyumba yenye mlinzi mlangoni,
kazi yake usiku na mchana kufukuza chumvi.
Ukiipoza, mlinzi anasinzia, chumvi inaingia,
na chumvi haiji peke yake, nyuma yake yako maji,
nyumba inavimba mpaka inapasuka.
Ndiyo maana tunailaza ndani ya maji haya ya waridi,
yana sukari nene isiyopita mlangoni,
inayoyashika maji mkono: bakini huku, bakini.
Basi seli inakula punje, inapumua kwa deni,
inangoja. Siku kumi. Kumi na nne tukibahatika.
Na kila siku chache hufa bila kuaga.

"Kumbe mumemusimamisha kama saa."
Hapana, mama. Saa iliyosimama haina njaa.
Hii bado inapiga, ila mshale wa dakika
unahitaji usiku mzima kuvuka tarakimu moja.

Kipimajoto kikasema sita. Kisha sita na nusu.
Barafu ilikuwa inatiririka kimya. Nane ndiyo mwisho wetu,
na Asifiwe, kijana wa Nguba aliyeunguzwa na chokaa kazini,
ameandikiwa upasuaji saa tatu asubuhi.

Nikalitazama lile blanketi.
Najua kuomba damu, najua kuomba sahihi.
Hili sikujua linaombwaje.

Akanitangulia: "Litaharibu?"
Blanketi halina moto wake, nikasema,
hulinda tu linachokikuta. Kwa mtu linalinda joto, hapa...
Hakungoja nimalize.
Akalizungusha sandukuni mara mbili,
akachomeka pindo kwa chini, upande wa miguuni,
kwa mkono usiohitaji tochi.

Tukakaa kwenye benchi. Sita na nusu.
Sita na nusu.
Yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka,
na koti langu lilikuwa pale pale kwenye msumari;
sikulikumbuka hadi kulipopambazuka
juu ya vilima vya ng'ambo ya Ruzizi.

Umeme ulirudi saa kumi na mbili, jokofu likaguna.
Akadai blanketi lake, akalikung'uta.
"Limeshika baridi," akasema, bila lawama,
akajitanda nalo vivyo hivyo, akaanza kushuka ngazi,
akiuliza, bila kugeuka,
kama huyo kijana ana saa.